Mama Vumbi na Kitanda cha Mjukuu

Majirani walimwita Mama Vumbi kwa kumtania tu, maana hapakuwa na mtu chini ya jua aliyelichukia vumbi kama yeye. Karakana yake ya useremala ilikuwa chumba cha uani, pua na mdomo na barabara ya udongo. Basi alikuwa na sheria zake: viatu nje, nguo zikung'utwe nje, sakafu inyunyizwe maji kabla ya fagio, na mlangoni ining'inie shuka iliyoloweshwa ili inase kila chembe. Mumewe aliwahi kupiga chafya humo ndani, akafukuzwa kama mwizi wa kuku.

Siku hiyo sheria zilikuwa kali maradufu. Binti yake alikuwa anamleta mjukuu wa kwanza, ambaye Mama Vumbi hajapata kumtia machoni, na kitanda alichomtengenezea ndiyo kwanza kimepigwa mkono wa mwisho wa vanishi. Kiling'aa mpaka raha. Lakini vumbi likitua kabla hakijakauka, ni kurudi kwenye msasa, na mtoto alale wapi? Bibi huyo tangu alfajiri hakukalika, mara anacheka peke yake, mara analowesha shuka upya.

Ndipo akasikia muungurumo. Kuchungulia, gari la mkwe linateremka kilima, na nyuma yake wingu jekundu. Kumbe vumbi linaletwa na wageni wenyewe! Hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo.

"Baba watoto! Mwaga maji barabarani!"

"Yote?"

"Yote! Hata ya kuoga!"

Mzee akakurupuka na ndoo. Mama Vumbi naye mbio, mguu niponye, mikono juu, anapiga kelele: "Polepole! Polepole jamani!" Mkwe alipomwona mama mkwe anakimbia hivyo, akajua kuna balaa nyumbani, akakanyaga mafuta. Wingu lote likamwangukia mama wa watu. Gari likaja kutulia mbele ya mzee, likamfuata taratibu huku akilimwagia njia kwa kopo kama anayemwagilia mchicha. Nyuma kabisa akaja Mama Vumbi, mwekundu kuanzia nywele hadi vidole, anacheka mpaka mbavu zinamuuma.

Binti akashuka na mtoto. Mama Vumbi akanyoosha mikono. Binti akarudi nyuma.

"Mama, hapana! Na vumbi lote hilo? Kaoge kwanza."

Mzee akaangua kicheko. "Mkuki kwa nguruwe, mama watoto! Na maji ya kuoga ndiyo hayo mmeyakanyaga."

Mtoto akapiga mwayo, mwayo mkubwa kumzidi mwenyewe. Mama Vumbi alihisi kama atalia kwa hamu. Akatazama karakana, shuka inachuruzika mlangoni na vanishi bado mbichi nyuma yake. Akatazama mwayo ule. Kisha akaichomoa shuka kwa mkupuo mmoja, akajifuta uso, shingo, mikono mpaka viwikoni, hadi shuka ikawa rangi ya barabara.

"Haya, lete."

Akampokea. Upepo ukavuka ua, ukaingia karakana bila hodi.

"Mke wangu, kitanda!" mzee akapiga kelele.

"Nakijua kilipo," akasema, wala hakugeuka, kwa sababu mtoto alikuwa amefumbua jicho moja na anamtazama yeye.