Mlango wa Ng'ombe

Fahali ndiye aliyemfanya Wilhelmina ajiulize. Alikuwa gatini Nansio, kwenye kiti chake cha magurudumu, akisubiri kivuko cha Mwanza, alipomwona fahali mnene akiingizwa kwa mlango wa mbele, ule mpana unaoteremshwa mpaka chini ili magari yapite. Hakupanda ngazi, wala hakubebwa. Aliingia kwa maringo, utadhani chombo ni cha baba yake.

Abiria walipita ubavuni, kwenye ngazi nyembamba. Wilhelmina naye alipita hapohapo tangu utotoni, mgongoni mwa Mzee Mashimba, mpagazi wa gatini, ambaye hakuwahi kudai hata asante. Watu walimsifu mzee, na kweli alistahili. Lakini aliyebebwa husafiri kama furushi: sketi inapanda, watu wanamtazama kwa huruma. Tena leo alikuwa anakwenda kuanza kazi ya ushonaji Nyakato, Mwanza, kwa Bi Sherbanu, aliyemuuliza swali moja tu kwenye simu: kila Jumatatu atakuwa analetwa na nani? Wilhelmina akajibu kwa kiburi kwamba atajileta mwenyewe. Sasa ilibidi ayatimize maneno yale.

Mashimba akaja, akachuchumaa mbele yake kama desturi, mgongo tayari.

"Shikamoo, baba. Leo hapana," Wilhelmina alisema. "Nataka kujaribu mlango ule."

Mzee akaitikia marahaba, lakini hakuinuka. Maige, msimamizi wa mlango, akasema abiria hawapiti huko. Huko ni kwa magari na mifugo, ndivyo ilivyo siku zote. Kuuliza si ujinga, na Wilhelmina aliuliza bila ukali, maana alitaka kujua kweli: ng'ombe ana nini ambacho yeye hana? Maige akatazama ngazi, akatazama mlango. Mwishowe alikiri kwamba swali hilo hajawahi kuulizwa, akawasimamisha wenye pikipiki, akampisha.

Mwinuko wa mlango ulikuwa mkali kuliko alivyodhani. Katikati mikono ilianza kuchoka, na alisikia pumzi za Mashimba nyuma yake, karibu kabisa. Aliogopa atasukumwa, akaogopa pia kwamba hatasukumwa. Akakaza meno. Magurudumu yakavuka ukingo, yakaingia kwenye harufu ya mavi ya ng'ombe, naye akafurahi mpaka machozi yakamlenga.

Alipogeuka, mzee alikuwa amesimama palepale mlangoni, mikono mitupu.

"Kumbe miaka yote hukupenda," alisema.

"Wewe nilikupenda, baba. Kubebwa hapana."

Mashimba akarudi gatini kuchukua cherehani ya Wilhelmina, akamletea kwa mlango uleule, akichechemea.

"Afadhali huku," alisema, akiiweka chini. "Ngazi ile inaniua goti. Tangu ulipokuwa mdogo."

Wilhelmina, bingwa wa maswali, alilitazama goti lile. Hakuwahi kuliulizia hata siku moja.