Jina Kwenye Mlango wa Hekalu

Mwaka 1952 hekalu la Wahindu mjini Shinyanga lilipata mlango mpya wa mninga, na Maganlal seremala akapoteza raha. Mlango ulikuwa kazi yake. Miezi minane alichonga maua na tausi, kisha chini kabisa, pembeni, akachonga jina lake kwa herufi ndogo. Ndogo, lakini za kusomeka.

Tangu hapo sala ikamshinda. Akikaa kuomba, macho yanakwenda mlangoni: nani kainama kusoma? Nani kapita bila kutazama? Watu wakisifu, anataka zaidi. Wakinyamaza, anawaonyesha tausi kwa kidole.

Akapita mtawa mmoja kutoka Bara Hindi, akielekea Mwanza. Maganlal alimweleza yote.

"Hiyo ndiyo ahankara," mtawa akasema. "Ule umimi unaosema: nimefanya mimi, ni changu mimi. Mkabidhi Mungu kazi, na mkono ulioifanya pia. Ukibakiza hata kidole, hutatulia."

Kesho yake asubuhi Maganlal alichukua patasi, akalikwangua jina mpaka ubao ukawa laini. Akajiona mwepesi kama unyoya. Wepesi huo haukufika jioni. Alimweleza mwuza nguo, akamweleza karani wa posta, akamweleza hata mshona viatu: "Nimelifuta jina langu mwenyewe. Wangapi wanaweza?"

Mkewe Jamna alimsikiliza huku akikanda unga wa chapati, akacheka mpaka machozi. "Baba Kanti, zamani jina lilikuwa mlangoni tu. Sasa umelitandaza mji mzima!"

Wiki ile hakutulia. Alishika randa akaitua, akaanza kiti akakiacha na miguu mitatu. Mwisho akaamua kwenda msituni, upande wa Kahama, kupasua mbao na Nkwabi, Msukuma aliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili.

Njiani, juu ya lori, akamsimulia naye habari ya jina. Nkwabi, aliyezoea kumwita Mistri, yaani fundi, alimaliza kwanza kutafuna muwa wake.

"Mistri, gogo la mlango ule tulilipasua pamoja. Siku ishirini na moja. Wewe ukahangaika kuandika jina, ukahangaika kulifuta. Langu hukuliwaza hata mara moja."

Hakusema kwa hasira. Maganlal akauona umimi wake ulivyo mpana: umemficha mtu mzima aliyesimama mbele yake miaka yote hiyo.

"Nisamehe, Nkwabi."

"Yameisha."

Msituni walilaza gogo juu ya shimo. Katika kazi ile mmoja husimama juu ya gogo, akauongoza msumeno; mwenzake huingia shimoni akavuta kwa chini, na unga wote wa mbao humwangukia. Maganlal hakuwahi kuingia shimoni. Siku hiyo alivua viatu, akateremka.

"Mayo!" Nkwabi alishtuka. "Toka, Mistri, utakula vumbi!"

"Panda juu. Uniongoze."

Msumeno ukaanza kupanda na kushuka. Mara Maganlal akaona mstari unapinda kidogo, ulimi ukamwasha. Akanyamaza. Vumbi likamjaa kopeni na shingoni. Ulimi ukamwasha tena, akavuta. Kufika saa sita, uvumilivu ukamwishia.

"Kushoto, Nkwabi! Kushoto!"

"Nimeona," sauti ikajibu kutoka juu. "Wewe vuta tu."

Akavuta.