Nyama Inayoshika Kiganja

Nyama ya mnyama aliyekufa na hofu hushika kiganja. Ukiiwekea mkono inanata, kama mtoto anayeng'ang'ania upindo wa nguo yako asubuhi unapotaka kutoka, nawe huna budi kumbandua taratibu. Rangi yake huwa nyeusi nyeusi, mithili ya jamvi lililonyeshewa. Nyama ya mnyama aliyetulia ni nyekundu, ina unyevu wake, na mkono huteleza juu yake ukaenda zake. Hayo nilifundishwa na marehemu mume wangu nilipoolewa katika nyumba hii ya bucha, na tangu hapo hakuna paja lililotundikwa kwenye kulabu zetu bila kupita chini ya kiganja changu.

Asubuhi ile, paja la kwanza lilinishika.

"Rudisha," nilimwambia mwanangu. "Huyu aliogopa."

Mwanangu, ambaye wateja walimbandika jina la Ratili kwa sababu mizani yake haijawahi kumpunja mtu, aliguna. "Mama, tukirudisha kila aliyeogopa, tutabaki kuuza kulabu."

"Basi tuuze kulabu."

Mjukuu wangu alikuwa nyuma ya meza akinoa kisu. Binti huyu nimemlea mimi tangu mama yake alipotutoka, na mkono wake ni mwepesi kuliko wa baba yake. Mfupa anauzunguka kama maji yanavyolizunguka jiwe. Hakuinua uso alipouliza.

"Bibi, na zile unazozipokea?"

"Zimefanya nini?"

"Wenyewe hawakuogopa?"

"Hawakuogopa sana."

"Sana kiasi gani?"

Mimi ni mtu wa vitendawili. Watoto wa mtaa huniletea vyao wakidhani ni vipya, kumbe mama zao waliviokota kwangu. Hakuna aliyewahi kunitega nikanasa. Lakini asubuhi ile nilifungua kinywa nikakuta hamna kitu, na ikanibidi nifanye jambo ambalo sikuwa nimewahi kumfanyia mtu: nikampa mji.

"Chukua mji wowote uutakao ukatawale," nilimwambia nikicheka. "Haya, nipe jibu."

Yeye hakucheka. "Sina jibu, Bibi. Ndiyo maana nauliza."

Kwetu nyama hugawiwa na mwenye nyumba. Jioni hiyo Ratili alipakua kama kawaida yake, kipande changu laini kwa ajili ya meno yangu, kipande cha binti yake chenye mfupa kwa sababu tangu utotoni alipenda kufyonza uboho. Binti akakichukua kile kipande kwa kijiko, akakirudisha sufuriani bila kishindo.

"Unaumwa?" baba yake aliuliza.

"Hapana, Baba."

"Umefunga?"

"Sijafunga. Nimeacha."

Ratili aliuweka mwiko chini. "Fundi viatu anayetembea pekupeku nimemwona. Binti wa bucha asiyekula nyama, huyo nilikuwa sijamwona bado."

"Kazi sijaikataa, Baba. Nitaendelea kukata."

"Na wateja waseme nini? Kwamba mpishi hali anachopika?"

"Watakuwa hawajakosea."

Mwanangu si mtu wa kupaza sauti. Akikasirika, sauti yake hushuka, mpaka unalazimika kuinama ili usikie unavyosemwa. "Nyama hii ndiyo iliyokusomesha," alisema polepole. "Ndiyo iliyokuvisha. Asiyeweza kula cha meza hii, asikae kwenye meza hii."

Binti akainuka na sahani yake, akaenda kula jikoni amesimama karibu na sinki. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na milo miwili. Ratili alikula akitazama ukuta, na mwanawe alikula akitazama dirisha, nami katikati yao nilitafuna kama mtu anayehesabu kokoto. Haikupita wiki, binti akaniambia kwamba amekwisha zungumza na shangazi yake, mshonaji wa sare za shule, naye yuko tayari kumpokea. Mwezi ukiisha atahamia huko.

"Mwache aende akakate vitambaa," Ratili alisema nilipomfikishia habari. "Vitambaa havina damu." Kisha akauliza, bila kunitazama, kama binti ana koti la baridi, maana nyumba ya dada yake inavuja upepo.

Hapo nilijua kwamba hakuna kati yao aliyetaka kutengana na mwenzake, na kwamba wote wawili wangefanya hivyo hivyo. Kiburi ni ndugu wa mapenzi. Hulala kitanda kimoja na kunyang'anyana shuka. Nikasema moyoni: nyumba hii haivunjwi na nyama. Inavunjwa na swali, na aliyeulizwa ni mimi.

Nilimfuata jikoni, nikachukua kisu, nikaanza kumenya vitunguu pamoja naye.

"Mke mwenzangu," nilianza kwa utani wetu, "hata mababu walikula."

"Mababu walifanya mengi, Bibi. Mengine umeyakataa wewe mwenyewe."

"Simba naye anakula."

"Simba hana kiganja cha kupimia."

Nilicheka bila kupenda. Vitunguu vikanipa sababu ya kufuta macho. "Tuseme ungejua kwa hakika kwamba hakuogopa hata chembe. Ungekula?"

Alifikiri, kitunguu kikingoja mkononi. "Sijui. Lakini ningemheshimu aliyekwenda kuhakikisha." Kisha, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: "Wewe umewahi kwenda?"

Sikuwahi. Marehemu alikuwa akisema machinjio si mahali pa mwanamke, nami nikaridhika, tena nikashukuru. Miaka yote hiyo nilitoa hukumu kwa kupapasa paja lililokwisha kuwa baridi, kama mtu anayenusa sahani iliyooshwa na kudai ameonja mchuzi.

Alfajiri iliyofuata, Ratili alipofika na ufunguo wa gari la nyama, alinikuta nimekwisha kaa mbele.

"Mama, shuka."

"Endesha."

"Utaona nini huko?"

"Ninachokula."

"Kule kuna damu, kuna kelele, kuna harufu."

"Nimezaa, mwanangu. Endesha."

Machinjio yalikuwa na ukuta mrefu wa matofali wenye milango miwili. Malori yaliingilia upande mmoja, na magari ya nyama yalingoja upande wa pili. Ratili akaelekea ule wa pili bila kufikiri, kama punda anayejua njia ya kisimani.

"Kitendawili," nilisema.

"Mama, si sasa."

"Naingia mlango mmoja nikitembea, natoka mlango wa pili nikibebwa."

Alizima injini. "Ng'ombe," alisema. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo kwamba tangu arithi bucha ya baba yake hajawahi kuupita ule mlango wa kwanza.

Tukaupita pamoja. Msimamizi wa mazizi, mtu wa viatu vya mpira na sauti iliyokwaruzwa na kupiga kelele, alinitazama toka kitambaa cha kichwani hadi kandambili. "Bibi, umepotea. Nyama ni mlango wa pili."

"Nyama naijua. Nimekuja kuwaona wenyewe."

Lori lilikuwa likishushwa. Ng'ombe waliteremka wakiwa wamekauka midomo, na vijana wenye fimbo waliwasukuma kwenye ujia mwembamba wa vyuma. Mmoja aliteleza kwenye saruji yenye maji, akainuka macho yamemtoka meupe. Kwenye kona ya ujia mtu alikuwa ametundika koti la mvua, nalo lilipepea. Kila ng'ombe aliyelifikia alisita, na kila aliyesita alichapwa kwa kusita. Sikuhitaji kungoja mapaja yao. Kiganja changu kilikuwa kimekwisha nata.

Nikaenda nikaliangua lile koti, nikalikunja, nikalitia kwapani.

"Hilo langu, Bibi," msimamizi alisema.

"Utalipata. Waambie vijana waweke fimbo chini kwanza."

"Kazi itachelewa."

"Huyo unayemharakisha hana kwingine pa kwenda."

Alimtazama Ratili, akitaraji msaada wa mwanamume mwenzake. Ratili aliinama akatazama viatu vyake. Mwishowe msimamizi alipiga mluzi, na fimbo zikashuka.

Katika zizi la pembeni palikuwa na maksai wa rangi ya udongo, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Nilipenyeza mkono kati ya vyuma, nikauweka shingoni mwake. Alikuwa wa moto. Chini ya ngozi damu ilikuwa ikipiga hatua zake bila haraka. Alininusa mkono, akaramba jasho kwenye kiwiko changu kwa ulimi kama msasa, na mlango ulipofunguliwa tukaenda pamoja, mimi nje ya vyuma, yeye ndani, mpaka pale nilipozuiwa. Hakusita mahali popote. Sikugeuza uso. Kisu kilikuwa chepesi, na nadhani hofu haikupata nafasi ya kumfikia.

Tulingoja mpaka alipotundikwa na kupoa. Nikaweka kiganja juu ya paja lake, kikateleza kikaenda zake. Nyekundu, safi, kama inavyotakiwa.

"Umeona, Mama?" Ratili alisema tukirudi. Uso wake ulikuwa umefunguka. "Kumbe inawezekana."

Niliitikia kwa kichwa. Lakini mkono wangu niliulaza mapajani, kiganja juu, kama mtu aliyepewa kitu akakosa pa kukiweka. Wale wa koti walitujua sisi ni nani. Huyu aliniamini. Nilikuwa nimekwenda kutafuta mnyama asiye na hofu, nikampata, na sasa sikujua ni yupi ambaye ningeweza kumtazama usoni.

Jioni nilimwita mjukuu wangu kutoka jikoni. "Leta sahani yako hapa."

"Mama, nilikwisha sema," Ratili alianza.

"Ulisema. Meza hii niliiweka mimi kabla hujaota meno. Wa kumwondoa mtu hapa ni mimi, nami simwondoi mtu."

Binti akaja na maharage yake, akaketi ukingoni mwa kiti. Niliwasimulia yote, na lile la kuaminiwa sikulificha. Halafu nikasema nilichokuwa nimekiamua njiani. "Kuanzia sasa hakuna nyama itakayoingia bucha yetu kama mtu wa nyumba hii hakusimama pale akamshika mnyama shingo. Siku tutakayoshindwa, kulabu zikae tupu. Anayekula, ale akijua. Asiyekula, asisutwe."

"Na wewe?" Ratili aliuliza. "Utakula?"

Kipande cha yule maksai kilikuwa mbele yangu. Nilikila, chote, taratibu, wakinitazama. Kilikuwa kitamu, na utamu wake ndio ulionisumbua. Sijala kingine tangu siku hiyo, wala sijaapa kwamba sitakula.

"Nitakwenda mimi," binti alisema. "Miguu ya Bibi haiwezi kila mara."

"Wewe usiyekula, uende kufanya nini?"

"Mkono wangu hauna njaa naye, Baba. Pengine atatulia zaidi."

Ratili akamsogezea chumvi. Habari za kuhamia kwa shangazi hazikutajwa, nami sikuzitaja. Aliyelala usimwamshe.

Siku ya kwenda machinjioni walikwenda wote wawili, baba na binti. Waliporudi, mkono wa shati la mwanangu ulikuwa umelowa mate hadi kwenye kiwiko. Nyama ilikuwa ya ng'ombe mmoja tu. Kulabu zilizobaki ziling'aa ukutani kama maswali.

Mteja wa kwanza alikuwa jirani yetu, muuza mikate, mama mnene mwenye mzaha mwingi. "Leo kulabu zimefiwa?" aliuliza. "Na hii iliyobaki, Ratili, nzuri?"

Ratili alishika kisu, akakiweka chini tena.

"Muulize binti yangu," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa naye."

Binti akafuta mikono kwenye aproni. Hakuinama, hakutabasamu. "Alikuwa jike," alisema. "Sikio moja lilikuwa limekatika ncha. Alipenda kukunwa chini ya taya. Hakuogopa."

Muuza mikate aliitazama nyama, akamtazama binti, kisha akanigeukia mimi kwenye kiti changu, kama mtu anayeomba asaidiwe kubeba. Kikapu chake alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Hakukiweka mezani, wala hakukirudisha kwapani.