Mkaguzi wa Makochi

Fundi makochi mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Porojo, alikuwa na maneno mengi kuliko misumari. Siku mbwa wake Kamanda alipojigonga kichwa kwenye mguu wa kochi jipya, Porojo hakukosa la kumwambia mteja.

"Huyo ndiye mkaguzi wangu, mama. Kochi likitikisika, halitoki hapa!"

Mteja akacheka, akanunua. Kuanzia hapo, kila Kamanda alipojigonga, Porojo alipiga makofi. Karakanani makochi huhamishwa kila kukicha, kwa hiyo alijiambia mbwa amepotea njia tu. Watu wakawa wanakuja kumwona mkaguzi. Porojo akanogewa, hadi akawa anamsogezea mbwa stuli makusudi ajigonge.

Binti yake alipokuja kumsalimia, aliinama akamshika Kamanda kidevu. Jicho la kushoto lilikuwa limetuna, jekundu, limetandwa na ukungu.

"Baba, huyu haoni!"

Kwa daktari wa mifugo, Kamanda alitetemeka juu ya meza. Daktari akammulika tochi, akapima.

"Presha ya macho hii. Inauma kichwa kizima. Imeanza lini?"

"Jana jioni," Porojo akajibu bila kupepesa. "Ghafla tu, daktari."

"Basi una bahati, mzee. Kama ni jana, nampasua hili la kushoto, huenda likaona tena. Lingekuwa la siku nyingi, kulipasua ni kumtesa bure. Ningelitoa tu, nikahangaikia la kulia, maana nalo limeanza."

"Afadhali, baba," binti akashusha pumzi.

Daktari akafungua bomba, akaanza kunawa mikono. Porojo alitazama sakafu. Ule ulimi wa mbio ulikuwa mzito kama sponji lililolowa.

"Si jana," akasema.

"Unasemaje, mzee?"

"Ni tangu mwezi uliopita. Alikuwa anajigonga. Mimi... nilikuwa namtumia kuchekesha wateja."

Maji yaliendelea kumwagika peke yake. Daktari hakumkaripia, na heri angemkaripia. Binti alimtazama baba yake kama mtu asiyemjua vizuri, kisha akageukia ukutani.

La kushoto likapangiwa kutolewa. Daktari alipoleta dawa ya matone ya jicho la kulia, Porojo alinyoosha mkono. Chupa ikapita mbele ya vidole vyake, binti akaipokea.

"Nimshike kichwa?" Porojo akauliza kwa sauti ndogo.

"Mshike," binti akasema. "Ila usiongee."