Upande Mwekundu

Mtunza ukumbi aliingia karakanani na projekta kwapani, amenuna kama mtu anayemrudisha kuku aliyeuziwa akiwa mgonjwa. Aliitua mezani bila hodi wala salamu.

"Fundi, mashine yako inaandika kinyume."

Fundi alikuwa ameinamia feni ya projekta nyingine, akiisugua vumbi kwa brashi ya rangi aliyoipunguza nywele. Hakuinua kichwa. "Kinyume vipi?"

"Kinyume kama kwenye kioo! Leo mwalimu wa semina kaandika 'Karibuni Wote', ukutani ikatoka lugha ya majini. Watu wamecheka mpaka wakashika mbavu. Na anayetukanwa ni nani? Mimi."

Fundi naye akacheka, tena kicheko cha mtu aliyestarehe, maana ugonjwa huo aliujua na dawa yake aliijua. Chumba chake cha kazi kilikuwa chembamba kama korido. Projekta inataka nafasi mbele yake ili itoe picha ya kueleweka, na nafasi ndiyo kitu ambacho fundi hakuwa nacho. Kwa hiyo alikuwa na mtindo wake: mashine anaiweka chumba cha ndani, mlangoni anatundika shuka jeupe, kisha yeye anakaa huku nje walipo wateja na kuitazama picha kwa nyuma ya shuka. Picha ikitazamwa kwa nyuma inageuka, kulia kunakuwa kushoto. Ndiyo maana kwenye menyu kuna mahali pa kuiambia mashine kwamba inamulika kutoka nyuma, nayo inaigeuza picha ili mtazamaji aione sawasawa. Akishamaliza kupima anairudisha kwenye "mbele", anafunga kasha, kwisha habari. Mafundi wenye vyumba vya maana hata hawana haja ya kukigusa kitu hicho.

Aliichomeka umeme, akabonyeza rimoti, akasoma. Nyuma. Kweli alikuwa amesahau, na alikumbuka hata kilichomsahaulisha. Siku ile taa mpya ilikuwa imekaa vizuri, lenzi imefutwa, vumbi la chujio limetolewa, picha inang'aa kwenye shuka, ndipo shangazi yake alipopiga simu: fanya haraka mwanangu, mkutano wa barabara unaisubiri hiyo mashine, watu wameshaanza kukaa. Akaizima akiwa na simu begani, akaifunga, akaikabidhi.

"Nisamehe ndugu yangu," alisema, bado anatabasamu. "Ni mpangilio tu, naurekebisha sasa hivi. Lakini na nyinyi kwa nini hamkuniambia mapema? Kwenye mkutano hamkuona kwamba maandishi yamegeuka?"

"Kwenye mkutano ilikuwa safi kabisa. Rangi zimekolea, picha imetulia, kila mtu alikusifu."

"Na maandishi?"

"Maandishi gani? Ilikuwa picha moja tu, ya mtaa wetu, imepigwa kutoka angani. Upande mmoja wameupaka nyekundu."

Fundi aliacha kucheka.

Mtunza ukumbi aliendelea kusema, jambo fulani kuhusu yule mwalimu wa semina, lakini fundi hakusikia. Alikuwa ameitazama rimoti mkononi mwake kama vile imemng'ata.

"Rudia," alisema. "Upande gani ulikuwa mwekundu?"

"Wa kwa Dereva, bwana, ng'ambo ya kwa shangazi yako. Si unajua mwenyewe? Shangazi yako alipiga vigelegele mpaka mwenyekiti akamwomba akae chini."

Alijua, ndiyo. Mtaa mzima ulijua. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na kwa kuwa upande mmoja ndio ungetosha, upande mmoja ndio ungebomolewa. Nyumba zenyewe zilikuwa za kiwanda zamani, wakauziwa wafanyakazi kiwanda kilipofungwa: zote za mchoro mmoja, bati moja, safu mbili zinazotazamana, na barabara iliyonyooka kama rula katikati. Ukizitazama kutoka angani hakuna mwenye nyumba anayeweza kusema hii ni yangu; alama ni daraja mwisho huu na shule mwisho ule. Nani amewahi kuliona paa lake kwa juu? Yule bwana wa barabara, mgeni kabisa mtaani, alisimama mbele ya watu macho yakiwa kwenye kompyuta yake, akanyoosha fimbo nyuma yake bila hata kugeuka: mnaouona mwekundu ndio unaoondoka. Wenye nyumba za upande ule wakashika vichwa. Wa upande wa pili wakakumbatiana.

Fundi alitoa simu yake mfukoni. "Namba ya yule bwana wa barabara unayo?"

"Ninayo. Kwani kuna nini?"

Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika. Bwana wa barabara alipopokea, sauti za mitambo zilikuwa zinanguruma nyuma yake.

"Samahani mkuu," fundi alisema. "Upande unaobomolewa ni upi?"

"Si niliwaonyesha?"

"Uliwaonyesha, lakini nitajie kwa mdomo. Tafadhali."

"Mashariki. Safu yote ya mashariki, kuanzia darajani hadi shuleni. Tunaingia kesho asubuhi."

Fundi alikaa kwenye kigoda bila kujua amekaa. Alilelewa katika nyumba ya shangazi. Utoto wake wote jua la asubuhi liliingilia dirisha la jikoni, la uani, likamwamsha, na la jioni likawachoma barazani, upande wa barabarani. Nyumba ya mashariki ilikuwa ile ile. Nyumba ya Dereva ilikuwa ng'ambo, magharibi, wala haikuwa na neno.

"Mkuu, picha ile ilikuwa imegeuka ukutani. Watu wameelewa kinyume. Waliosalimika wanadhani wanabomolewa, na wanaobomolewa..."

Bwana wa barabara alipaza sauti juu ya ngurumo. "Imegeukaje? Mimi kwenye kompyuta yangu ilikuwa sawa."

"Ukutani haikuwa sawa. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeitengeneza mashine."

"Mungu wangu," alisema yule bwana, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya binadamu wa kawaida. "Nitawauliza wakubwa zangu. Lakini usinisubiri, unanielewa? Mitambo imekodiwa, amri ninayo kwa karatasi. Siwezi kwenda kuwaambia tusimame kwa sababu ya projekta. Waambie watu watoe vitu."

Mtunza ukumbi alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili. "Fundi," alisema kwa kunong'ona, "Dereva anavunja nyumba."

Fundi alikwisha kutoka. Alikimbia na rimoti mkononi, shati limefunguka, akipita watu wanaomwita na kumuuliza kama kuna mwizi. Njiani alikuwa akijiambia kwamba labda Dereva kachoka, labda kangoja, labda katoa milango tu na milango hurudishwa. Alipokata kona ya shule, akasimama.

Nyumba ya Dereva haikuwepo. Paa lilikuwa limeshuka, bati zimepangwa kwa ukubwa. Milango na madirisha yameegemezwa mtini. Kuta zilikuwa zimebomolewa tofali kwa tofali, kwa subira ya mtu aliyeendesha malori maisha yake yote na hajui kuharibu kitu, na tofali zote nzima zilikuwa zimevushwa barabara na kupangwa vizuri kwenye ukuta wa nyumba ya shangazi. Uliobaki ni ukuta mmoja, nao ulimfikia Dereva kifuani. Alikuwa ameusimamia na nyundo.

"Fundi wa picha!" Dereva aliita, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. "Umekuja kutusaidia au umekuja kunywa chai ya shangazi yako?"

Shangazi alikuwa barazani kwake, anamimina chai. Tangu siku ya mkutano alikuwa na haya ya vile vigelegele, na haya yake ilikuwa imegeuka kazi: alikuwa amehamishia vitu vyote vya mke wa Dereva sebuleni kwake, magodoro, masufuria, cherehani, mpaka pa kupita pakawa hapana. Mke wa Dereva alikaa miguuni pake kwenye gunia, kikombe mkononi.

"Karibu baba," shangazi alisema. "Mbona unahema? Nani kafa?"

"Shangazi, acheni. Mwambie Dereva aache."

"Aache nini? Mtambo unaingia kesho, mwache mwenzio aokoe chake."

"Ule upande haubomolewi."

Shangazi alicheka kwa pua. Fundi alijulikana kwa mizaha, na mtu wa mizaha akiwa na jambo zito hupata tabu. "Utani huo kawafanyie wenzio. Wenye msiba hawataniwi."

"Sitanii! Picha iligeuka. Mashine ilikuwa imegeuza picha, kulia imeweka kushoto. Nimeongea na bwana wa barabara mwenyewe. Ni mashariki. Ni huku." Aliinua mkono kuonyesha, akagundua kwamba anaionyesha nyumba kwa rimoti. "Ni hapa, shangazi. Ni hapa kwako."

Chai iliendelea kumiminika. Kikombe kilijaa, ikamwagika juu ya sinia, ikachuruzika mpaka chini, na shangazi alikuwa bado ameinamisha birika huku akimtazama mtoto wa kaka yake. Mke wa Dereva ndiye aliyelishika birika na kuliweka chini, taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Nani aligeuza?" shangazi aliuliza.

"Mimi. Nilisahau kuirudisha."

"Ulisahau."

"Uliponipigia simu, ndiyo nilikuwa..." Akaishia hapo. Hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa mabaya, akayameza.

Dereva alikuwa amevuka barabara bila mtu kumwona. Alisimama nyuma ya fundi na nyundo yake, na fundi alipogeuka alifumba macho, kwa sababu aliamini kabisa kwamba atapigwa, na moyoni aliona ni haki yake. Hakupigwa. Alipofumbua, Dereva alikuwa anautazama ukuta wake uliobaki, ng'ambo ya pili, jinsi anavyotazama mtu aliyeitwa jina lake na hajajua nani kamwita.

"Kwa hiyo nyumba yangu ilikuwa haina neno," Dereva alisema.

"Haikuwa na neno."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo, baba."

Mke wa Dereva alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha ikawa si kicheko tena, akajifunika uso kwa khanga. Shangazi hakumgusa. Alikuwa amegeuka kuitazama sebule yake kupitia mlangoni: vitu vyake, vitu vya jirani, vyote vimejazana chini ya paa ambalo kesho saa kama hizi halingekuwepo.

"Nilipiga vigelegele," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilisimama mbele ya mke wako, Dereva, nikapiga vigelegele."

Lori lilipita, vumbi likatulia. Halafu Dereva alivuka kwenda kwake, akarudi na ngazi, akaiegemeza kwenye nyumba ya shangazi, akaitikisa kuona kama imekaa. Alikuwa hajafuta uso. Machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye vumbi na yeye hakuwa na habari.

"Unafanya nini?" mkewe aliuliza.

"Mtambo ni kesho asubuhi," Dereva alisema. "Kiwanja chetu bado kipo. Tofali zipo. Bati za huyu mama zikishuka leo, sote tutapata pa kulala kule."

Akapanda. Msumari wa kwanza ulilia ukitoka, mlio ambao fundi aliusikia mpaka kwenye meno. Alikimbilia chini ya ngazi, akainua mikono kuipokea bati.

"Wewe usishike kitu," shangazi alisema.

Aligeuka. Hakuwahi kumwona shangazi na uso ule, na alikuwa ameishi naye tangu hajaota meno.

"Shangazi, nisaidie nini basi? Niambie."

"Huu mtaa una nyumba mbili tu?" Alinyoosha mkono kwenye safu, kuanzia kwake hadi darajani. "Wote wale walikuwepo ukumbini. Nenda kawaambie. Mlango kwa mlango, kwa mdomo wako, na useme ni wewe. Sitaki waje kuambiwa na mtambo."

Juu ya paa Dereva alikuwa ameng'oa msumari mwingine. Shangazi alimpa fundi mgongo, akaipokea bati mwenyewe kichwani, akayumba, akasimama.

Fundi alienda nyumba iliyofuata. Kabla hajafika alinusa rangi. Mama mwenye nyumba, mjane aliyeuza mitumba, alikuwa juu ya stuli na kitambaa kichwani, anapaka ukuta wa mbele rangi ya samawati, ile ya bei, ya kung'aa. Alikuwa amemaliza nusu. Watoto wake wawili walikuwa wanafuta vioo kwa magazeti.

"Karibu fundi, karibu!" aliita, rangi inamdondokea mkononi. "Usiguse hapo, mbichi. Unaionaje? Nimesema kama barabara mpya inapita mlangoni, na mimi nionekane."

Fundi alisogea karibu na stuli. Nyuma yake bati ya shangazi ilianguka chini kwa kishindo. Watoto wakageuka kutazama, na yule mama akashusha brashi.

"Kwa shangazi yako kuna nini?" aliuliza. "Mbona na yeye anabomoa?"

"Shuka kwanza, mama," fundi alisema. "Shuka kwenye stuli, ukae."