Chupa za Marehemu Ilarie

Sheria ile ya chupa haikutungwa na mimi. Naanza na hilo kwa sababu kijijini kwetu bado wapo watu wanaoamini kwamba mimi, Zamfira, mwenye duka pekee kati ya kanisa na daraja, niliamka asubuhi moja nikaamua kuwatoza bani hamsini, yaani nusu lei ya hela yetu, kwa kila chupa ya soda, ya maji au ya bia. Nimetukanwa hata na watu niliowasimamia harusi.

Sheria yenyewe si ngumu. Unanunua kinywaji, unaongeza nusu lei ya dhamana, na ukirudisha chupa tupu unapewa nusu lei yako. Mjini wana mashine inayomeza chupa na kutema karatasi. Huku kwetu mashine ni mimi. Napokea kwa mkono, naangalia kama chupa ina alama ya dhamana, naitia kwenye mfuko mkubwa. Mfuko ukijaa naufunga kwa kifungio chenye namba, na Alhamisi lori la mjini linakuja kuuchukua. Ukishafungwa haufunguliwi. Nikiufungua napigwa faini.

Wa kwanza kuja alikuwa Pantelimon, anayekaa nyumba ya tatu kutoka dukani, mtu mwenye mkono wa birika ambaye hata kiberiti huomba. Alileta gunia zima la chupa za plastiki, zote bapa.

"Hizi umezipiga pasi?" nikamwuliza.

"Miaka yote mlituambia tuzikanyage kabla ya kuzitupa. Nimezikanyaga. Sasa nipe hela yangu."

"Mashine haisomi chupa iliyokanyagwa, Pantelimon."

"Mashine si ndiyo wewe? Soma."

Na huyo alikuwa mpole. Wengine walikuja na chupa za kabla ya sheria, zisizo na alama, wakaniapia kwa mama zao kwamba alama ilikuwepo jana. Kwetu chupa nzuri haijawahi kutupwa. Ya lita mbili ni ya mvinyo wa nyumbani, ndogo ni ya pombe ya plamu, na yenye mdomo mpana ni ya nyanya za kusaga. Siku hizi mtu akikupa mvinyo anakusindikiza hadi getini akikukumbusha chupa yake. Kwenye Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana padri alilalamika mbele ya madhabahu, maana maji ya baraka, ambayo huwa tunayatunza mwaka mzima kwa ajili ya wagonjwa na ng'ombe, mwaka huu watu waliyamaliza kwa siku mbili ili wawahi kurudisha chupa.

Nilicheka kama wengine. Kisha mwezi wa pili akafa Ilarie.

Ilarie alikuwa dereva wa trekta tangu enzi za shamba la ushirika. Alipenda mambo matatu, trekta, mkewe Safta, na bia ya chupa ya kioo, na Safta mwenyewe alikuwa akisema hana hakika ya mpangilio. Walikaa pamoja miaka arobaini na minane. Ilipokaribia arobaini yake, Safta alikuja dukani na mkokoteni kuchukua bia thelathini za kugawa.

Kwetu unachotoa kwa ajili ya marehemu kinamfikia, na kinamfikia vilevile ulivyokitoa. Ndiyo maana hatutoi supu bila bakuli, wala bakuli bila kijiko. Anayepokea anasema "Mungu amsamehe" na anabaki na chombo, ili na mtu wako huko aliko abaki nacho. Kurudisha bakuli la namna hiyo ni kumnyang'anya marehemu mezani.

"Na hii dhamana unanitoza hata mimi?" Safta akaniuliza.

"Sheria, shangazi."

"Haya, chukua. Ilarie asije akazuiwa mlangoni kwa nusu lei."

Baada ya ibada alisimama getini kwake, akampa kila jirani mkate wa duara, mshumaa na bia. Watu wakapokea, wakamwombea, wakanywa. Ilikuwa arobaini nzuri, na kabichi zake zilizojazwa nyama zinasifiwa mpaka leo.

Jumatatu Pantelimon akaingia dukani na toroli. Chupa ishirini na sita za kioo, safi, hazijakanyagwa. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Mama, hiyo chupa una kazi nayo?" Mimi nikazipokea. Sikufikiri, nasema kweli, niliona alama tu. Nikazitia mfukoni, mfuko ukajaa, nikaufunga. Nilikuwa namkabidhi hela yake pamoja na pakiti ya tumbaku aliyotaka, ndipo Safta akaingia kutafuta hamira.

"Pantelimon, toroli lina kazi gani hapa?"

"Nimeleta chupa, shemeji. Zilikuwa zinazagaa tu kwa watu."

"Chupa zipi?"

Pantelimon akaangalia dari. "Bia ilikuwa ya Ilarie, Mungu amsamehe. Bia imenyweka. Chupa ni ya serikali."

Safta akaketi juu ya kreti ya maji. Akauangalia mfuko.

"Sasa mume wangu atanywea nini?" akasema.

Mtu akiniuliza swali hilo leo nitacheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Kesho yake alikuwa mlangoni kabla sijafungua. "Kaja ndotoni," akaniambia. "Amekaa kwenye trekta yake, viganja ameviweka hivi, na povu la bia linamtiririka mpaka ndani ya mikono ya koti. Koti lile jipya, Zamfira, nililomzikia! Akanitazama tu. Afadhali angenitukana."

Kufika adhuhuri kijiji kilikuwa kimegawanyika. Wengine walisema Ilarie aliwahi kunywa kwa kofia alipokuwa jeshini, viganja havitamshinda. Wengine wakasema hapana, bia ni baridi na mzee alikuwa na baridi yabisi. Kuna waliouliza kama ile nusu lei nayo imemfikia, na akiipata ainunulie nini. Kila Pantelimon alipopita walimwita: "Vipi, umetoka kuchukua pensheni ya marehemu?" Nyumbani kwake mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mkewe Despina alikuja na sufuria ya supu mpaka mezani, akachota upawa, akamwambia, "Fungua viganja."

Safta akaenda kwa padri. Padri wetu ni kijana, amesoma sana, na anawaogopa wajane kuliko anavyomwogopa askofu.

"Mama Safta, kinachomfikia marehemu ni moyo wako," akamwambia.

"Baba, moyo wangu hauna shingo wala kizibo. Ataushikaje?"

Padri akasema ataangalia vitabuni. Hakuwa na nguvu ya kubishana, kwa sababu naye alirudisha chupa: wiki ile mifuko miwili iliyokuwa stoo kwangu ilitoka kanisani.

Jumatano Safta akarudi kwangu. Hakupayuka. Aliniomba tu niufungue mfuko, atoe zake ishirini na sita, na nusu lei zote atazilipa yeye. Nikamwambia kuhusu kifungio, namba na faini, kwamba faini ile inakula faida ya duka ya miezi miwili. Nilikuwa nasema kweli na nilijisikia vibaya sana. Mwanamke yule alinifundisha kukanda unga nilipoolewa huku sijui mtu, nami nilikuwa nampigia porojo za vifungio.

"Haya," akasema. "Hilo lori linakuja saa ngapi?"

Alhamisi saa nne nusu ya kijiji ilikuwa mbele ya duka, kila mtu akijitia amekuja kununua chumvi. Safta alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Amesimama kando ya mfuko, mkononi ana mkate wa duara uliofunikwa taulo jipya, na mshumaa.

Lori likafika. Dereva alikuwa kijana wa mjini, Remus, mwenye ndevu zilizochongwa na haraka nyingi. Kabla hajafungua mlango wa nyuma, umati ukapasuka na Despina akatokea akimsukuma Pantelimon kwa mgongo.

"Sema," Despina akamwambia.

Pantelimon akamwaga sarafu kwenye kaunta yangu ya dirishani. "Shemeji, hela yote hii hapa, na ya tumbaku ameitoa huyu. Chupa ni zako tena." Akavua kofia, akaikunja. "Sikuwaza ubaya. Niliona chupa, nikaona nusu lei. Ilarie mwenyewe angezikusanya, wewe unamjua."

Watu wote tulijua ni kweli. Nilimwona Safta akibana midomo ili asitabasamu.

Akamgeukia dereva. "Mwanangu, hizi unazipeleka wapi?"

"Kiwandani, mama. Zinasagwa, zinayeyushwa, zinatengenezwa chupa nyingine."

"Zinatiwa bia tena?"

"Bia, soda, chochote."

"Na anakunywa nani?"

"Nitajuaje? Yeyote mwenye kiu."

Safta akafikiri. Hata waliojitia kununua chumvi walisogea karibu.

"Basi nampa yeyote mwenye kiu," akasema. "Lakini zitoke mkononi kwangu, si kwenye toroli la huyu." Akawasha mshumaa, akamwekea dereva mkate mkononi, akashika kamba ya mfuko na kumnyooshea. "Pokea, mwanangu. Ni za Ilarie, pamoja na chombo chake."

"Mama, sisi haturuhusiwi kupokea kitu kwa wateja," Remus akasema.

Ungedhani ametukana msalaba.

"Pokea, wewe!"

"Huyu hana mzazi huyu?"

"Usipopokea hilo lori litalala hapa!"

"Sema maneno uende zako, mtoto, mzee ana kiu!"

Remus akatutazama, akamtazama Safta, na sijui aliona nini usoni kwake. Akavua kofia yake, akaubusu mkate, akaishika kamba.

"Mungu amsamehe," akasema, taratibu, kama mtu ambaye naye ana wake huko.

Nikaingia ndani kutafuta kalamu, ingawa kalamu nilikuwa nayo sikioni. Niliporudi nikiwa nimeshajifuta macho, Safta alikuwa anaigonga karatasi ya makabidhiano kwa kidole. Kuna mahali pa idadi, mahali pa namba ya kifungio, na chini mahali pa maelezo, ambapo hakuna aliyewahi kuandika neno.

"Andika," akamwamuru.

Remus akaandika: Ndani yake zimo chupa ishirini na sita za marehemu Ilarie, zimepokelewa. Akatia sahihi. Kisha akapakia mfuko, akaupokea na mshumaa, akaondoka, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mshumaa unaowaka, kwa mwendo wa maziko mpaka akavuka daraja.

Nilidhani yamekwisha. Despina akanigeukia.

"Zamfira, kiwanda kikilipa, hela ya zile chupa inakuja kwa nani?"

Inakuja kwangu. Ndivyo sheria ilivyo, na za Pantelimon zilikuwa bado zimemwagika kwenye kaunta, kwa hiyo ningelipwa mara mbili. Kijiji kizima kikanitazama jinsi kilivyomtazama yeye siku tatu nzima. Sikusubiri kuulizwa mara ya pili. Nilivuta kreti mbili za bia kutoka kwenye friji, nikagawa mlangoni, kila mtu yake, nikisema ni za Ilarie na chombo chake. Nusu saa kabla ya chakula cha mchana watu wazima walikuwa wanakunywa bia barabarani, na padri alipita akapewa yake. Zile chupa hakuna aliyethubutu kuzirudisha. Ziko madirishani, zimetiwa maua, na ya Pantelimon ina kitunguu kinachoota majani.

Jumamosi asubuhi Safta akaja kuchukua hamira yake. Nilikuwa peke yangu. Nilimpimia polepole, nikaogopa kuuliza, mwisho nikauliza.

"Kaja?"

"Kaja."

"Koti?"

"Kavu." Akaweka hamira kwenye kikapu, akaifunika vizuri. "Amekaa chini, ameegemea gurudumu la trekta, ana bia mkononi. Na chupa tupu zimemzunguka, Zamfira, nyingi, hana hata pa kunyoosha miguu. Akaniuliza, Safta, hizi huku zinarudishwa wapi?"

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia asimpe mtu. Azipange vizuri hapo pembeni, anisubiri. Nitakuja kuzichukua mwenyewe."