Ngeli ya Maharagwe

Wakonyo alimimina kijiko cha chai katika vitundu vya mkono wa simu, polepole, ili Miriti asiungue. Miriti alishukuru kutoka ndani. Tangu serikali ipige marufuku mikutano, kila simu ya Mukurweini ilikuwa imepewa msikilizaji wa kuishi humo, na majirani walikiri kwamba huyu wa Mwalimu Kingori alikuwa na adabu kuliko yule wa posta, aliyekoroma.

Mwalimu, mume wake Wakonyo, alikuwa amejiandaa. Mdogo wake, Mutahi, alitafutwa kwa kuhutubia watu sokoni, naye alikuwa amejificha Timau, akitumia simu ya duka moja. Mwalimu alibuni lugha ya siri: polisi wangeitwa maharagwe, na Mutahi angejifanya mnunuzi. Alijisifu kwamba hata wakufunzi wake wa chuoni wasingeifumbua.

Asubuhi simu ililia. Alikuwa Mutahi.

"Mwarimu, hiyo maharagwe bado iko hapo kwa boma? Ama nikuje?"

Mwalimu alichungulia dirishani. Askari wawili walikuwa wameegemea lango lake. Alitakiwa kutamka neno moja tu: yapo. Lakini mtu aliyezeekea kalamu nyekundu ana maradhi yake.

"Wapo," alisema. "Maharagwe wapo. Si 'iko', ndugu yangu. Chenye uhai huchukua A-WA, hata kikiitwa jina la mboga."

 Ndani ya mkono wa simu kalamu ilikwaruza.

"Asante sana, mwalimu," alisema Miriti. "Ati mimi nilikuwa nimeandika ni chakula."

Kabla ya jua kutua, simu ilikuwa imefuatiliwa hadi Timau na Mutahi amechukuliwa dukani.

"Baba Gathoni," alisema Wakonyo, "si ungekohoa tu?"

Mwalimu alikubali kwamba kukohoa kungetosha. Alitaka kuongeza kwamba hata kukohoa kuna ngeli yake, akajizuia. Kujizuia huko kulikuwa kumechelewa.

Siku ya pili alifika Kagure, mkewe Mutahi, na sweta ya mumewe. Alitaka kujua amefungiwa wapi, kwa kuwa kila kituo cha polisi kilimkana. Mwalimu aliinua mkono wa simu, akamuuliza Miriti.

Miriti alijikohoza, kisha akajibu kwa uangalifu wa mwanafunzi hodari: "Washukiwa wote wamehifadhiwa mahali pasipotajwa."

Mwalimu aliirudia sentensi hiyo kimoyomoyo, mara kwa mara, akitafuta kosa. Hakulipata. Kagure alikuwa bado amesimama, sweta mkononi.